Mwalishi wa Njia ya Kofia

Ana milango mia, wala hana nyumba. Ungemtegea mtoto yeyote wa Njia ya Kofia kitendawili hicho, asingekupa mji. Angekujibu papo hapo: Bi Mwanakhamis.

Bi Mwanakhamis alikuwa mwalishi, kama mamake na nyanyake kabla yake. Mtu wa njia ile akiwa na arusi, maulidi au hitima, hakuchapisha kadi. Kadi ni za watu wa maofisini. Alimwita Bi Mwanakhamis, akampa siku na saa, naye akajitanda buibui lake akatoka mlango kwa mlango kuwaita wanawake. Alipiga hodi, akawategea watoto kitendawili kimoja, akanywa maji funda moja, kisha akasimama wima na kutoa wito kwa sauti ya taratibu: fulani awasalimu, awaita kwa jambo fulani, siku fulani, baada ya sala fulani. Akisema Alhamisi, ni Alhamisi. Hakuna mwanamke aliyewahi kuvaa dhahabu zake akafika akakuta mlango umefungwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake. Muuza halua ana sufuria, fundi ana cherehani. Mwalishi ana neno lake tu, nalo likichacha halipashwi moto.

Njia ya Kofia yenyewe, pale ukingoni mwa Mji wa Kale, ilikuwa njia ya miguu. Nguzo tatu za mawe kila mwisho zilizuia magari tangu zama za wazee. Mikokoteni peke yake ndiyo iliyopita, tena asubuhi kabla ya saa tatu. Huku maduka ya leso, huku ya kofia, huku ya udi na mafuta ya nywele, na wateja wameketi barazani wakibishana bei mpaka mwenye duka anaagiza kahawa. Mwanamke aliweza kutembea katikati ya njia, akazungumza na aliye kuume na aliye kushoto, asigeuze shingo kutazama kinachokuja nyuma yake. Mombasa ilikuwa na njia ngapi za namna ile? Waliozaliwa pale hawakujiuliza.

Mwaka wa tisini na sita, mwanzo wa mwezi, Badawi alikuja kwake asubuhi. Badawi alikuwa na duka la majora ya vitambaa mwisho wa njia, pale wateja wanapofika wamekwisha choka na pesa zimekwisha kwisha. Bi Mwanakhamis alimpenda. Mamake, Bi Fadhiya, alikuwa shoga yake tangu chuoni, na Badawi alipozaliwa mamake akapatwa na homa, ni Bi Mwanakhamis aliyempa ziwa pamoja na mwanawe mwenyewe. Kwa hivyo Badawi alimwita mama, na kwa sheria ya dini alikuwa mwanawe kweli.

"Sabalkheri, mama."

"Sabalkheri, mwanangu. Keti. Nyumbani hawajambo?"

"Alhamdulillahi. Nimekuja kwa mambo ya marehemu. Mwaka watimia."

"Najua watimia. Mimi nahesabu kuliko wewe."

"Nataka kumsomea hitima. Wanawake wa njia nzima, Alhamisi ya mwisho wa mwezi, baada ya alasiri."

"Nyumba arobaini na mbili," akasema Bi Mwanakhamis, na uso ukamnawiri. Alipenda kualikia wafu kuliko arusi. Arusi watu huja kwa macho, hitima huja kwa moyo.

Badawi akatoa bahasha, ndani yake karatasi ndefu zenye mistari, na kidau bapa cha wino kama kile cha posta. "Jambo moja tu, mama. Safari hii tuandike. Jina, na kila nyumba itie kidole."

"Tuandike? Kwani mimi nimesahau lini?"

"Hukusahau. Lakini wamkumbuka yule wa mwaka juzi, aliyesimama arusini mbele ya watu akasema hakualikwa?"

Alimkumbuka. Kile kilikuwa kidonda ambacho hakijashika gamba. Alikwenda kwa yule mwanamke kwa miguu yake, akanywa maji yake, na yule akamkana kweupe kwa sababu ya ugomvi wake na mama wa bibi arusi. Bi Mwanakhamis hakuwa na shahidi. Karatasi yenye kidole, alifikiri sasa, ni shahidi asiyenunulika.

"Wewe una akili ya mamako," akamwambia, akaichukua bahasha.

Alianza, kama ilivyo ada, na nyumba ya mwenye shughuli. Swafiya, mkewe Badawi, alimfungulia. Bi Mwanakhamis akatoa wito, akakaa kwenye kiti cha ukili, akaandika nambari moja kwa zile herufi kubwa alizofundishwa mpaka darasa la nne: BI FADHIYA. Swafiya akatia kidole mbele ya jina la mkwewe wala asione ajabu. Njia ile yote ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke hufa akazikwa, nyumba ikabaki na jina lake. Mkamwana atakaa humo miaka thelathini, atazaa, ataozesha, na bado watu watasema naenda kwa Bi Fadhiya, naenda kwa Bi Sheikhan. Bi Mwanakhamis alirithi majina yale kwa mamake kama wimbo, hili lamfuata lile, na ndivyo alivyoyaandika, nyumba baada ya nyumba, siku mbili nzima. Alipomrudishia Badawi bahasha, vidole arobaini na mbili vilikuwa vimejipanga kama kunguni ukutani. Badawi hakuzisoma karatasi. Alihesabu vidole, akashukuru, akaondoka.

Siku ya nne yake, Tsofa alimsimamisha njiani. Tsofa alikuwa mtu wa Kaloleni, akivuta mkokoteni wa majora na magunia pale kwa miaka kumi na tano, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliinamisha mkokoteni wake, akajifuta jasho.

"Bi Mwanakhamis, umeona kilichobandikwa nguzoni?"

"Nimeona karatasi. Nilidhani ni ya dawa ya panya."

"Nguzo zang'olewa. Mabasi yapitishwa hapa, kutoka Feri, yatokee Makupa. Ati barabara kubwa imejaa."

Bi Mwanakhamis alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua itanyesha kwenda juu. "Mabasi yapi?"

"Mabasi. Yale marefu."

"Hapa?" Akatazama njia. Alinyoosha mikono yake miwili, na kidole cha kuume kilikosa kidogo tu kugusa leso zilizotundikwa dukani. "Likipita basi, mimi nitapita wapi?"

"Nami hilo ndilo nililouliza," akasema Tsofa.

Wakatoka watu madukani, wakasoma, wakasomeana, na kila aliyesoma alirudia kusoma kama kwamba maneno yatabadilika. Khubaib mshona kofia, mtu mwembamba mwenye ulimi wa wembe, alivua kofia yake akaitazama. "Mnaona hizi?" akasema. "Nitazishona kwa nani? Kwa dereva? Watu wa Njia ya Kofia, sisi twapelekwa jaa la Kibarani pamoja na taka, tofauti ni kwamba sisi tutapanda basi." Wengine wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu msikitini.

Tangazo lilisema kamati ya barabara itawasikiza wananchi Jumanne, katika ukumbi wa shule. Khubaib akachukua uongozi, maana hakuna mwingine aliyekuwa na sauti yake. Akamwendea Bi Mwanakhamis.

"Wanaume nitawaita mimi. Wanawake hawatoki kwa neno langu."

"Watatoka kwa langu," akasema, akajitanda buibui. Hakutaka leso ya ujira wala shukurani. Alipita nyumba zote arobaini na mbili kwa asubuhi moja, na safari ile hakutega kitendawili.

Jumanne wanawake walijaa nusu ya ukumbi upande wa kushoto, weusi watupu kama kunguru waliotua. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Barnabas Menza, mtu mzima wa asili ya Rabai, miwani puani, mpole. Kando yake karani wake, binti aitwaye Mirriam. Mbele, upande wa kuume, walikaa mabwana wawili wa kampuni ya mabasi waliovaa tai kwenye joto lile, na nyuma yao, Bi Mwanakhamis akashangaa kumwona, alikaa Badawi.

Labda amekosa nafasi, alijiambia.

Khubaib alisema, na alisema vizuri. Wazee wakasema. Mama mmoja muuza udi aliuliza moshi wa basi na moshi wa udi vitakaaje duka moja. Kisha mmoja wa wenye tai akasimama, akasema kwa upole kwamba wanaopinga ni wachache wenye sauti kubwa, na kwamba wenyeji wenyewe, hasa kina mama, wamechoka kutembea juani na wameomba mabasi. "Nyumba arobaini na mbili zimekubali," akasema, "kwa vidole vyao." Akampa mwenyekiti karatasi.

Ukumbi ukavuma. Bwana Menza akampa Mirriam. "Soma."

"Sisi wakaazi wa Njia ya Kofia twaridhia njia ifunguliwe kwa mabasi," Mirriam akasoma ukurasa wa mbele uliopigwa chapa, kisha akafunua wa nyuma ulioandikwa kwa mkono. "Nambari moja, Bi Fadhiya. Nambari mbili, Bi Sheikhan. Nambari tatu, Bi Zuhura wa Kisimani. Nambari nne…"

Miguu ya Bi Mwanakhamis ilijua kabla ya kichwa chake. Kutoka kwa Bi Fadhiya, unavuka kwa Bi Sheikhan, unapanda ngazi za Bi Zuhura. Binti yule alikuwa akisoma mwendo wake. Masikio yakaziba kama ya mtu aliyezama, na sauti ya Mirriam ikawa yamfikia kutoka mbali, ikibisha hodi, nyumba baada ya nyumba.

"Sheikhan yupi?" akanong'ona mwanamke nyuma yake. "Mamangu?"

"Mamako ana miaka minane kaburini."

"Basi ni nani aliyemtaja?"

Alikuwa hajamaliza kuuliza alipokumbuka, maana alinyamaza ghafla. Mnong'ono ukapita kwenye safu za wanawake, ukafika mwisho, ukafa. Kila mmoja alikumbuka kidole chake alikitia wapi, na karatasi ilikuwa mkononi mwa nani. Wakamtazama. Halafu, mmoja mmoja, wakavuta mabuibui yao usoni na kutazama chini, wala hapana aliyefungua mdomo. Bi Mwanakhamis alielewa. Walikuwa wamenyamaza kwa ajili yake.

Khubaib hakuelewa, maana hitima ile ilikuwa ya wanawake na karatasi hakuiona. Orodha ilipokwisha aliruka kutoka kitini. "Bwana mwenyekiti, mimi namjua kila aliyetajwa. Bi Fadhiya nilimzika mimi. Bi Sheikhan nilimbeba jeneza. Humo mna maiti kumi na moja wanaotaka kupanda basi. Aliyeandika karatasi hiyo ni mwizi wa makaburi, na nataka polisi waitwe hapa hapa."

Watu wakapiga makofi. Kila kofi lilimpata Bi Mwanakhamis shavuni.

Alimtazama Badawi. Badawi hakumtazama. Alikuwa amekodoa macho kwenye karatasi iliyo mkononi mwa Mirriam, mdomo wazi, na hapo Bi Mwanakhamis akajua kwamba hata yeye hakujua kilichoandikwa kwenye mstari wa kwanza. Mwizi alikuwa ameiba mkoba bila kuufungua.

Bwana Menza akagonga meza. "Ni nani aliyeandika?"

Wenye tai wakamgeukia Badawi. Badawi akatazama viatu vyake.

"Kama hapana wa kujibu," akasema mwenyekiti, "tutafanya hivi. Majina ya marehemu yatakatwa kama makosa ya mwandishi. Thelathini na moja yabaki, na vidole ni vyao. Isipokuwa yuko wa kukana." Akatazama safu za weusi. "Kina mama, yuko wa kukana kidole chake?"

Hawakukana. Anayekana ataulizwa kidole alikitia kwa nani, na jibu lilikuwa jina moja. Bi Mwanakhamis alihisi ukimya wao umemkalia kifuani kama gunia la mchele. Angenyamaza naye, angetoka pale na jina lake, na mwezi ujao angetembea kualika arusi, akikimbizwa na honi. Na kila mlango ambao angepiga hodi, angefunguliwa na mtu anayejua.

Akasimama.

"Niliandika mimi."

Khubaib akageuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerusha jiwe gizani akasikia kilio cha mamake.

"Jina lako, mama?" akauliza Bwana Menza.

"Mwanakhamis binti Athman. Mimi ni mwalishi."

"Mwalishi ni nini?"

Kwenye safu za wanawake mtu alicheka kwa pua, maana ni kama kuulizwa jua ni nini. "Huwaita watu, bwana. Wenye shughuli hunituma, nami huita. Karatasi hiyo haikuwa ya mabasi, wala ukurasa huo wa mbele haukuwapo. Niliambiwa ni ya kualika, asije mtu akanikana kwamba sikumfikia. Hao kina mama walitia vidole kuitikia wito wangu. Mabasi hawakutajiwa, wala mimi sikutajiwa."

"Nakusikia. Lakini waliokufa, mama? Unajua kwamba kuandika jina la maiti kwenye karatasi ya serikali ni kosa la kushtakiwa?"

"Najua sasa." Maneno ya kujitetea hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kile alichokwenda nacho milangoni maisha yake yote. "Nikutegee, bwana?"

Mwenyekiti akavua miwani. Alikuwa ametegewa utotoni naye, Rabai. "Tega."

"Amelala udongoni miaka mingi, na kila arusi huitwa yeye kwanza."

Bwana Menza akafikiri. Mirriam naye akafikiri, kalamu mdomoni. Ni kikongwe mmoja katika safu za nyuma aliyejibu, kwa sauti ya kuchoka: "Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba," akasema Bi Mwanakhamis. "Kwetu mwanamke akifa, nyumba haibadili jina. Mimi huenda kwa Bi Sheikhan nikafunguliwa na bintiye. Niliandika nyumba, bwana, kama nilivyofundishwa na mamangu. Sikuandika watu. Hilo ndilo kosa langu na nalikubali. Kama ni jela, mimi hapa."

"Na shughuli hiyo ilikuwa ya nani?"

Hapo ndipo ulimi ulipomwia mzito. Alimnyonyesha Badawi kwa titi hili. "Ni hitima," akasema. "Ya huyo nambari moja."

"Na nambari moja ni nani?"

Alimtazama Badawi, na ukumbi mzima ukafuata macho yake. Mwenyekiti akafuata pia.

"Wewe bwana. Wamjua nambari moja?"

Badawi alisimama polepole, ameshika kiti cha mbele yake. Rangi ya uso wake ilikuwa ya jivu. "Ni mama," akasema.

"Mamako ameridhia mabasi?"

"Mama amekufa, bwana. Mwaka jana."

Hapana aliyepiga kofi. Hata wale wenye tai walisogeza viti vyao kidogo, kila mmoja upande wake, na Badawi akabaki amesimama katikati ya nafasi ile. Swafiya, aliyekuwa safu ya pili, alijifunika uso wote.

Bwana Menza alizikunja zile karatasi mara mbili, akaziweka chini ya mkono wake. "Hizi hazitasomwa tena," akasema. "Kwa vidole hivi mpango huu haupiti. Nguzo zitakaa zilipo, na kampuni ikitaka njia, iende ikawaulize wenyeji mmoja mmoja, wakiwa hai." Kisha akamwambia Bi Mwanakhamis, wala hakusema kwa ukali: "Na wewe mama, siku nyingine mwandike anayefungua mlango."

Wakatoka nje wakikumbatiana, wanaume wakimbeba Khubaib juujuu mpaka akawaomba wamshushe. Bi Mwanakhamis alitoka kwa mlango wa nyuma.

Siku zilizofuata, hapana aliyempigia hodi kwa kazi. Hawakumtukana, walimsalimu njiani, tena kwa adabu iliyozidi kidogo, kama anavyosalimiwa mgonjwa. Lakini arusi moja ilipita bila ya yeye kuitwa, na alipochungulia dirishani aliona watoto wakigawa kadi za kuchapishwa, zenye maua. Khubaib alikuja siku ya pili baada ya mkutano, kofia mkononi.

"Nilikuita mwizi wa makaburi."

"Hukujua ni mimi."

"Ningejua ningesema polepole."

Bi Mwanakhamis akacheka bila kupenda. Akamtilia kahawa, wakanywa, Khubaib akaenda zake, naye akabaki akiitazama njia. Nguzo zilikuwa zimesimama. Wanawake walipita katikati wakizungumza huku na huku, shingo zao zimetulia. Alifurahi. Na furaha ile haikumfikia mahali palipokuwa pakiuma.

Jumatano ya mwisho wa mwezi Badawi alikuja. Hakuketi mpaka alipoambiwa.

"Waliniahidi kituo mbele ya duka langu," akasema. "Nilidhani ni karatasi tu, mama. Nilidhani hapana atakayeumia."

Bi Mwanakhamis alingoja amalize.

"Kesho ndiyo Alhamisi. Hawatakuja. Swafiya hali wala hasemi nami. Nitapika mchele, nipikie kuta? Nenda ukawaambie wito umefutwa. Nakuomba."

Hilo alikuwa amelifikiri mwenyewe usiku na mchana. Akienda kufuta, atakuwa ameutengua wito wake kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. Asipokwenda, na kesho chumba kikawa kitupu, njia yote itajua kwamba Bi Mwanakhamis aliita na hapana aliyeitika, na mwalishi asiyeitikiwa ni mwanamke anayezungumza peke yake barabarani.

"Siendi," akasema.

"Mama, watatuaibisha."

"Nilipopiga hodi sikusema Badawi awaita. Nilisema Bi Fadhiya asomewa. Wewe ulikosa. Fadhiya amekosa nini?" Akasimama, maana yake naye asimame. "Nenda ukatafute mbuzi."

Alhamisi alikuwa wa kwanza kufika. Chumba cha juu kilikuwa kimetandikwa mikeka, juzuu thelathini zimepangwa juu ya marufaa, chetezo kinafuka udi. Swafiya alimbusu mkono, macho yamemvimba, wakakaa wawili. Alasiri ikaadhiniwa, wakasali. Jua likasogea kutoka mkeka wa kwanza hadi wa pili. Bi Mwanakhamis alitazama mlango mpaka mbao zake akazijua. Akawaza atakachofanya kesho: labda atakaanga mahamri, labda atakwenda kwa mwanawe Likoni akae huko. Mtu wa miaka sitini na mitatu aanza wapi?

Ndipo aliposikia ndara ngazini.

Aliyeingia kwanza alikuwa yule binti Bi Sheikhan. Nyuma yake wa kwa Bi Zuhura. Nyuma yake kile kikongwe kilichojibu kitendawili, kimeshikwa mikono miwili. Wakaja, wakaja, mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi, na Bi Mwanakhamis, aliyewahesabu kwa mazoea tu, pamoja na Swafiya, alifika arobaini na mbili akaanza upya kwa kutoamini. Walimpa mkono mmoja mmoja. "Tumeitika," walisema, kama inavyosemwa siku zote. Akawaonyesha nafasi mikekani.

Walisoma vizuri, sauti kama nyuki mzingani. Wakamwombea Bi Fadhiya dua ndefu, na wengine walilia, maana marehemu alikuwa mtu wa watu. Kisha ukaja wakati wa chakula. Wasaidizi wakaingiza sinia kumi za pilau, nyama juu, zikafuka mvuke katikati ya mikeka. Swafiya akashika birika na bakuli, akapiga goti mbele ya binti Bi Sheikhan ili amnawishe.

Binti Bi Sheikhan aliiweka mikono yake ndani ya buibui. "Tumesoma, Swafiya," akasema kwa upole. "Mungu apokee." Akasimama.

Swafiya akageukia wa pili. Wa pili naye akasimama. Wakasimama wote, bila neno la ukali, bila kusukumana, wakavaa ndara zao, na ngazi ikasikika kwa muda mrefu, halafu ikanyamaza. Hapana punje moja iliyoguswa.

Bi Mwanakhamis alikaa pale pale, amepigwa na butwaa. Hakuwaambia wafanye hivyo, na wangemwuliza angewakataza. Katika miaka yake yote hajapata kuona sinia ya hitima ikiachwa nzima. Jioni ile ile walimrudishia jina lake na wakaiacha nyumba ya shoga yake hivi. Swafiya alikuwa bado amepiga goti, birika mkononi, maji yakimwagika kidogokidogo mkekani. Nyuma ya pazia la chumba cha pili mtu alikuwa akipumua kwa shida.

"Swafiya, mwanangu," akasema. "Ninawishe."

Akanawa. Akavuta sinia moja, akafinya tonge, akala. Akafinya la pili.

"Chumvi haikufika," akasema. "Fadhiya asingekubali itoke jikoni hivi. Nenda kamwite Tsofa na wenzake wa mikokoteni, waje wapeleke sinia hizi kwa wenye njaa. Hii ni sadaka ya maiti, haina makosa." Swafiya akainuka. Bi Mwanakhamis akangoja mpaka aliposhuka ngazi, kisha akasema, bila kuinua sauti, kuelekea kwenye pazia: "Nawe toka huko. Uje ule."

Ilichukua muda. Badawi akatoka, akanawa mwenyewe, akaketi upande wa pili wa sinia, kichwa chini. Hakuinua mkono. Bi Mwanakhamis hakumwambia kwamba yamekwisha, maana hayakuwa yamekwisha. Alichagua kipande cha nyama kilichonona, akakitoa mfupa, akakisukuma kwenye wali upande wa Badawi.